Habari ya Kujifunza Ukubwani

Yako mambo ambayo mtu akiyasimulia huonekana kuwa mchezo, kumbe ndani yake limo neno zito. Hili la leo ni la namna hiyo. Mwaka jana sisi, tulio na miaka 43 ya kuzaliwa na 14 ya kazi ya uchungaji, tulianza kujifunza kupiga ukulele; na katika kujifunza huko tukalikuta kosa letu moja la zamani, ambalo hatukulitafuta wala hatukupenda kuliona. Twaliandika hapa kwa sababu twadhani si letu peke yetu.

Ukulele, kwa wasioujua, ni kinanda kidogo cha nyuzi nne, mfano wa gitaa la mtoto, nao ni mwepesi hata mtu aweza kuushika kwapani njiani asichoke. Wageni wa usharika rafiki wa Ujerumani walituachia mmoja kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili. Basi wageni wakaenda zao, wala hapakuwa na mtu aliyejua kuupiga. Ukakaa juu ya kabati la ofisi yetu hapa Sikonge muda wa miezi saba, mpaka nyigu wakaanza kujenga kwa udongo ndani ya tundu lake. Mzee mmoja wa usharika aliposikia jina lake alicheka, akasema, “Ukelele? Huo tunao wa kutosha, Mchungaji, hasa siku ya mkutano wa fedha.”

Jina hilo si la kelele zetu, bali ni la lugha ya visiwa vya Hawaii, na wengi husema ya kuwa maana yake ni kiroboto arukaye. Chombo chenyewe kilizaliwa kwa safari. Mwezi wa Agosti 1879 merikebu iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu ikitoka kisiwa cha Madeira cha Wareno, imechukua watu zaidi ya 400 waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Hao walitengeneza gitaa ndogo za kwao kwa miti ya huko, na watu wa Hawaii, pamoja na mfalme wao Kalākaua, wakazipenda, wakazifanya kuwa zao. Wako ndugu walionung'unika kwamba mchungaji anahangaika na chombo cha kigeni. Twawajibu kwa kifupi tu. Zeze la nchi za bara, lile la ubapa wa mti na kibuyu ambacho mpigaji hukiegemeza kifuani, limeonekana tangu pwani hata Kongo ya mashariki, katika njia zilezile walizopita wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo yao, na ng'ambo ya bahari huko Madagaska liko ndugu yake liitwalo jejy. Tena tarumbeta ambazo ndugu zetu Wamoravian huzipiga kwa sifa kubwa katika nchi hii hazikuchongwa kwa mninga wa Sikonge. Chombo hakiulizwi kimetoka wapi, huulizwa kinalia nini.

Nasi tulitaka kilie. Tulimwita kijana mmoja wa kwaya apigaye gitaa, mwenye umri wa miaka 16, tukamwomba atufundishe kila Ijumaa jioni ofisini, kwa maana aliyejua nyuzi sita hatashindwa na nne. Lakini yapasa tuseme pia ya kuwa kijana huyo alikuwa mwanafunzi wetu wa kipaimara, naye katika daftari letu la kipaimara tulikuwa tumemwandika kuwa mvivu, maana maelezo ya Amri Kumi yalimtoka kichwani kila juma kama maji katika pakacha. Hivyo Alhamisi sisi tulikuwa mwalimu wake, na Ijumaa yeye alikuwa mwalimu wetu.

Nyuzi za ukulele, ukizihesabu tangu ile iliyo karibu na uso wa mpigaji hata ya chini, hulia sol, do, mi, la. Wanakwaya watafahamu mara, kwa kuwa ni zilezile herufi za d, r, m ambazo kwaya zetu huandikia nyimbo, nazo zilienezwa na mchungaji mmoja wa Uingereza, John Curwen, katika karne ya 19. Ajabu ni kwamba uzi wa kwanza si mnene wa sauti kama ulivyo katika gitaa. Sol yake huzipita do na mi kwa wembamba, na hata mwenye kuzoea gitaa huchanganyikiwa kidogo. Juu ya shingo vimelazwa vyuma vyembamba viigawavyo kama vyumba. Ukibana uzi wa la katika chumba cha tatu kwa kidole kimoja, kisha ukapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya nyuzi zote nne, wapata mkusanyiko wa do: do, mi na sol zalia pamoja. Wapiga gitaa huuita kodi, nasi tulipolisikia neno hilo mara ya kwanza tulidhani twadaiwa fedha. Kodi ya fa hutaka vidole viwili. Kodi ya sol, yenye fa ndani yake, hutaka vitatu. Kwa kodi hizi tatu tu mtu aweza kuongoza sehemu kubwa ya nyimbo za watoto, na nyimbo za ibada si haba.

Maelezo hayo tuliyafahamu siku ya kwanza katika muda usiozidi robo saa. Jioni ileile tungaliweza kuyafundisha darasani kwa chaki, na kutunga maswali ya mtihani. Lakini vidole havikufahamu. Kutoka kodi ya do kwenda ya fa yapasa kidole kimoja kiondoke na viwili vishuke kwa pamoja. Vyetu vilishuka kimoja kimoja, kama wazee wanaokuja mkutanoni, wa kwanza akiwa amekwisha kuchoka kungoja kabla ya wa pili kufika. Mkono wa kuume uliposhika mwendo, wa kushoto ulisahau mahali pake. Wa kushoto ulipopata, wa kuume ulisimama kama punda mtoni. Ncha za vidole ziliuma kana kwamba tumeshika miiba, na maumivu hayo hayakuisha mpaka ngozi ilipokuwa ngumu, baada ya majuma kadhaa. Watoto walisikia, wakaja kuchungulia dirishani, wakacheka kwa furaha kubwa. Kijana yule alitoka nje bila kusema neno kwetu, akawapa ndoo, akawaambia waende kisimani. Kisha akarudi akaketi. Jambo hilo wakati ule tuliliona dogo.

Kila tulipomaliza wimbo tulimtazama usoni, maana mtu mzima hutaka kusifiwa kama mtoto, ila haombi kwa kinywa. Naye hakutudanganya hata siku moja. Alisema, “Bado, Baba Mchungaji. Tena.” Hakusema kwa hasira, wala kwa huruma ile inayomfanya mtu aone haya zaidi. Alisema kama mtu aangaliaye chungu jikoni, akaona maharagwe hayajaiva. Majuma sita tulisikia neno hilo.

Basi usiku mmoja, vidole vikituuma, tulianza kulifikiri neno hili bado, na jinsi lugha yetu ilivyo na hazina ambayo hatuitumii. Mtu asiye na ujuzi wa jambo Kiswahili chaweza kumsema kwa njia mbili: hajui, au hajajua. Tofauti ni ndogo tu. Lakini hajui hufunga mlango na kutia komeo. Hajajua huuacha wazi, kwa kuwa ndani yake umo wakati ujao, na msemaji mwenyewe anaungoja. Ukisema juu ya mtu kwamba hajajua, umejitia katika habari zake. Umekiri ya kuwa watazamia jambo kwake. Kijana wetu, ambaye sarufi hapendi hata kidogo, alikuwa akiishika sarufi hiyo kila Ijumaa. Na sisi tulioisomea tulikuwa na daftari.

Ndipo tulipoliendea daftari la ubatizo la miaka mitatu nyuma, tukafunua ukurasa ambao tulijua ni upi.

Katika darasa la mwaka ule alikuwamo bibi mmoja mjane, wa kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kanisani. Alikuja kila Jumatano akiisha kupalilia, akaketi nyuma ya vijana waliokuwa na umri wa wajukuu zake. Kinyamwezi alikisema kwa utamu na mithali nyingi. Kiswahili alikisema kama mtu avukaye mto kwa mawe, akipima kila hatua. Nasi tulifundisha Katekisimo Ndogo ya Luther kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama tulivyofundishwa wenyewe. Amri alizishika kwa shida. Sala ya Bwana aliisali vizuri. Imani ya Mitume aliipata mwaka wa pili. Bali maelezo ya fungu la tatu yalimshinda. Alianza, akafika katikati, akakwama, akarudi mwanzo. Tulimrudisha nyuma mwaka mmoja. Mwaka uliofuata alikwama mahali palepale, tukaandika mbele ya jina lake: Hajui. Baada ya hapo hakuja tena, nasi tulisema katika baraza kwamba amerudi nyuma, na wazee wakatikisa vichwa, na mambo mengine yakafuata.

Msomaji aijuaye Katekisimo amekwisha kuona mahali pa aibu yetu. Fungu la tatu ndilo linalokiri kwamba imani si kazi ya uwezo wa mtu, bali ni kazi ya Roho Mtakatifu amwitaye. Nasi tulimzuia bibi mlangoni kwa sababu uwezo wake haukutosha kulitamka fungu lisemalo ya kuwa uwezo wake hautoshi.

Liko na la pili. Sikukuu ya Pentekoste ya mwaka ule, Jumapili ambayo yeye angalibatizwa, tulibatiza watoto wachanga wanne. Hakuna hata mmoja aliyejua fungu lo lote. Mmoja alilia tangu mwanzo hata mwisho, nasi tukatabasamu. Tutajibiwa kwamba wazazi na wasimamizi huahidi kwa niaba ya mtoto na kumfundisha baadaye. Ni kweli, na ni desturi njema. Lakini hilo laonyesha tu ya kuwa kwa mchanga tunakubali kusema hajajua, na kanisa zima hujitwika kungoja. Kwa mwanamke wa miaka sabini asiye na wa kumsemea, twadai malipo yote mkononi kabla ya mlango kufunguliwa.

Hapa twaomba ruhusa tuingie kidogo katika mambo ya wenye elimu, maana swali hili ni la kale, nalo, kwa bahati, lilianza na kinanda. Aristotle, mwalimu wa Wayunani, alifundisha ya kuwa mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na mjenzi kwa kujenga, na vivyo hivyo mtu huwa mwenye haki kwa kutenda mambo ya haki. Shuleni katika siku za Luther mafundisho hayo yalitiwa ndani ya elimu ya Mungu. Luther akayapinga waziwazi mwezi wa Septemba 1517, majuma machache kabla ya zile hoja 95 zijulikanazo na watu wote. Alisema kwamba mbele za Mungu hatufanywi kuwa wenye haki kwa kuyatenda ya haki, bali tukiisha kufanywa wenye haki ndipo tunayatenda. Na Luther hakusema hivyo kwa kutojua nyuzi. Yeye mwenyewe alipiga kinanda kiitwacho luti, na husimuliwa ya kuwa alijifunza alipokuwa mwanafunzi kule Erfurt, amelala kitandani na jeraha la mguu. Bila shaka alijua kwamba kwa luti Aristotle amesema kweli: hapana awezaye kupewa kodi ya fa kwa neema. Nasi twashuhudia, tumeiomba.

Kwa hiyo yako mambo mawili, nayo hayapimwi kwa kipimo kimoja. Liko la vidole, ambalo hupatikana kwa kurudia, polepole kwa huyu na upesi kwa yule. Na liko la kutumaini, ambalo hupewa mtu. Kosa letu halikuwa kwamba tulifundisha. Kosa ni kwamba tulilipima la pili kwa la kwanza: tulimsikia bibi akikwama katika maneno, tukaandika habari za moyo wake.

Rafiki yetu mmoja, mchungaji mwenzetu mwenye bidii kuliko sisi, tulipomweleza mambo haya hakukubali. Alisema, “Mkiondoa kipimo, hamtakuwa na darasa, mtakuwa na baraza la kunywa chai. Luther mwenyewe ameagiza maneno yawe yaleyale, yasibadilishwe, wapate kuyashika walio wanyonge.” Neno lake si la kutupwa. Ni kweli kwamba katika dibaji ya Katekisimo Ndogo ya 1529 Luther aliwaagiza wachungaji hivyo, na kwamba wasiotaka kujifunza wasikubaliwe katika Sakramenti. Na mtume Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, ametaja filimbi na kinubi, akiuliza jinsi gani watu watatambua kinachopigwa iwapo sauti hazina tofauti. Anayepiga do mahali pa fa amekosa, hata akiwa mchungaji, hata akiwa na nia njema. Kama kijana wetu angalituambia siku ya kwanza, “Vizuri sana, Baba Mchungaji,” tungalikuwa hata leo tunawatesa watoto wa shule ya Jumapili.

Lakini tulimwomba rafiki yetu asome tena dibaji ile. Luther alisema juu ya wasiotaka. Hakusema juu ya wasioweza bado. Mtu asiyetaka na mtu asiyeweza bado, daftarini hufanana kabisa, wote wawili wana nafasi tupu mbele ya jina. Mwalimu huwatofautisha kwa kuwatazama tu. Bibi aliyetembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kila Jumatano, miaka miwili, alikuwa amekwisha kujibu swali la kutaka kwa miguu yake. Na kipimo cha maneno yaleyale kilikusudiwa kumsaidia mnyonge ashike, si kumkamata asiposhika. Musa alikuwa mzito wa ulimi, na Bwana hakumrudisha nyuma mwaka mmoja, alimpa Haruni. Twaweza kuuliza mtu alitumaini nini, na kwa lugha gani aweza kulisema, na aliposimama ni nani asimame karibu naye. Hilo si kulegeza. Ni kazi ngumu kuliko kusikiliza maneno kwa kitabu, maana mwenye kitabu hana haja ya kumtazama mtu.

Vijana wanaofuatana na warina asali katika misitu yetu ya miombo huumwa na nyuki siku ya kwanza, na ya pili, na ya kumi. Hapana mrina aliyewahi kuandika juu ya kijana kwamba hajui moto na moshi. Humwambia ashike kamba, asimame hapa. Twataja hili kwa kupita tu, kwa kuwa baba zetu hawakuhitaji Wayunani ili walijue.

Twarudi kwa Luther mara moja, kisha tutamwacha apumzike. Katika dibaji ya Katekisimo Kubwa alikiri ya kuwa yeye, daktari na mhubiri, kila siku husoma na kuyarudia maneno ya Katekisimo kama mtoto, wala hajapata kuyamaliza, naye hana budi kubaki mwanafunzi. Neno hilo tulilisoma chuoni, tukalipigia mstari, tukalitumia katika mahubiri yasiyopungua manne. Twaona sasa ya kuwa tulilichukua kuwa adabu ya mtu mkuu ajinyenyekezaye. Baada ya majuma sita ya kodi ya fa twadhani alikuwa akisema habari tu. Mchungaji wa miaka 14 amezoea kuwa upande wa kujua. Mbele yake huketi watu wasiojua, na mwaka kwa mwaka husahau jinsi inavyokuwa ndani ya mtu yule: jinsi akili inavyotangulia na mwili unavyobaki, jinsi haya inavyozidi kuwafunga vidole na ulimi, jinsi uso mmoja wenye subira unavyoweza kuufungua. Mambo haya hayapatikani kwa kuyakumbuka. Yapasa mtu awe tena asiyejua kitu fulani, kweli kweli, mbele ya mtu mwingine.

Mwezi wa tatu wa kujifunza, tulipokuwa tukienda kwa pikipiki kufundisha watoto wa mtaa wa mbali, na ukulele mgongoni ndani ya mfuko wa unga, tulipinda njia tukaenda kwa bibi yule. Tulimkuta chini ya mwembe akipepeta mahindi. Alitukaribisha kwa heshima zote, akatupa kiti, akatuma mjukuu alete maji. Tulimwomba radhi. Tulimweleza kwa urefu, labda kwa urefu mno, habari za maneno kumshinda mtu, na za vidole vyetu, na kwamba tumetambua ya kuwa tulimhukumu kwa wepesi wa ulimi. Alisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kupepeta. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole:

“Mwanangu, maneno yalinishinda, ni kweli. Lakini maneno hayakunifukuza. Nilipokwama, vijana walicheka. Nawe ukatazama kitabu.”

Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumekuja na maelezo ya kutosha kurasa mbili za gazeti hili, na kosa letu halikuwa mahali tulipoliweka. Tulikumbuka vicheko dirishani, na ndoo, na kijana wa miaka 16 akitoka nje bila kuambiwa na mtu. Yeye alikuwa amejua kwa siku moja jambo ambalo sisi tulikuwa hatujalijua.

Bibi alipoona tumenyamaza aliuliza kilichomo mfukoni. Tukautoa. Aliugeuzageuza, akaweka sikio kwenye tundu lake, akasema ya kuwa marehemu mumewe alikuwa na zeze, na kwamba alipokuwa akijifunza alimnyima usingizi mwaka mzima. Tukampigia wimbo mmoja wa watoto. Kodi ya fa ilichelewa mara mbili. Alikuwa akisikiliza kwa kichwa kilichoinama, na wimbo ulipokwisha alituambia kwa Kinyamwezi turudie, akaanza kuushika kwa sauti ya chini, bila maneno.

Tulipoondoka aliuliza darasa la ubatizo siku hizi ni siku gani. Tukamwambia ni Jumatano kama zamani. Akasema Jumatano msimu huu wanachuma tumbaku kwa mwanawe, wala hawezi kuacha. Tumezungumza na wazee wa usharika, na tangu mwezi ujao darasa litakuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Mwinjilisti wa mtaa, ambaye Kinyamwezi ni lugha yake ya nyumbani, ataketi pamoja nasi. Na kijana wa gitaa tumemwomba awepo pia. Amekubali, ila ameuliza kama saa hizo zitahesabiwa katika kipaimara chake.